Kitambaa Chekundu Mlangoni kwa Bi Tatu

Hapo zamani, watu walipokuwa bado wanasoma swali kabla ya kulijibu, palikuwa na mji uliojaliwa Chuo cha Sheria. Kilikuwa chuo kizuri, chenye ukuta mrefu na lango la chuma, na juu ya lango palichorwa maneno ya Kilatini ambayo mlinzi peke yake alidai kuyaelewa. Kuingia humo kulitaka mtihani. Sehemu ya kwanza iliitwa mantiki, ya pili iliitwa ufahamu. Aliyeshindwa mara tatu jina lake lilifutwa asirudi tena, maana chuo kilikuwa na huruma, hakikutaka kuwachosha watu.

Katika mji huo aliishi Mwatumu, mshonaji wa sare za shule. Akiwa bado ndani ya eda ya mumewe, mashemeji walikuja kumpa pole, wakaondoka na cherehani yake. Alipotoka eda akaenda mahakamani. Wakili wa mashemeji alisema maneno mengi, hakimu akaitikia kwa kichwa, na kabla Mwatumu hajajua ameulizwa nini, kesi ilikuwa imekwisha. Alilia njia nzima. Hakuumia kwa cherehani peke yake. Aliumia kwamba alikuwa amekaa katikati ya watu wanaoamua maisha yake, na hakuambulia neno. Tangu siku hiyo aliitaka sheria kuliko alivyotaka kuolewa tena, na wachumba walikuwepo.

Akajaribu mara ya kwanza, akaanguka. Akajaribu mara ya pili, akaanguka. Kosa lake lilikuwa moja tu: alijibu anachokijua. Mtihani ulisema, "Watu wote wa mtaa fulani huamkia wakubwa. Shomari anaishi mtaa huo. Je, Shomari huamkia wakubwa?" Mwatumu akaandika, "Inategemea amelelewa na nani." Wasahihishaji walicheka mpaka wakaagiza chai nyingine.

Mwaka wa tatu, mwaka wa mwisho, akaungana na wenzake wawili ambao nao walikuwa wamebakiwa na nafasi moja. Wa kwanza aliitwa Msellem. Huyu kazi yake ilikuwa kushinda kwenye baraza la kahawa akiwabishia watu mpaka kahawa ipoe, na hakuna aliyewahi kumshinda kwa hoja, wala aliyewahi kumrudishia salamu kwa furaha. Wa pili aliitwa Hidaya, mwalimu wa chekechea. Hidaya alikuwa na maradhi ya kutoweza kuona kosa akanyamaza. Harusi kadhaa zilikuwa zimemtoa nje kwa sababu hiyo, na moja ilikuwa ya dada yake.

Walisomea kibarazani kwa Hidaya, kila siku baada ya alasiri. Msellem akafundisha mantiki. Mwatumu akafundisha ufahamu, maana yeye alisoma habari kama anavyopima kitambaa, polepole, mpaka kwenye pindo. Hidaya akashika muda: ukiisha, anapiga sufuria kwa mwiko, na majirani wote wanajua kuwa swali limekwisha.

"Mbuzi wote wa Mzee Chande ni weupe," alisema Msellem. "Mbele yako yupo mbuzi mweupe. Je, ni lazima awe wa Mzee Chande?"

"Mzee Chande hana mbuzi," alijibu Mwatumu. "Aliwachinja wote kwenye harusi ya mwanawe."

"Dada Mwatumu! Nimekuuliza habari za harusi mimi?"

"Sasa kaka Msellem, unaniuliza habari za mbuzi waliokwishaliwa."

Msellem akashika kichwa. Kisha akaeleza, na akaeleza tena kesho yake, na kesho kutwa: kwamba mbuzi wote wa Chande kuwa weupe hakufanyi weupe wote kuwa wa Chande, kwamba mbuzi yule aweza kuwa wa mtu yeyote duniani. Mwatumu akazoea. Ilifika mahali akawa anakataa kusema kuku anayemfukuza ni wa jirani mpaka aone ushahidi. Msellem akaridhika.

Siku ya mtihani ikafika. Wakakaa ukumbi mmoja, safu moja. Msimamizi, mama mnene mwenye miwani ya kamba, akasoma maelekezo: kila swali chagua jibu moja, na atakayefungua mdomo atatolewa nje. Wakaandika. Yote yakaenda vizuri mpaka swali la mwisho.

Swali la mwisho lilisema hivi: "Kila nyumba inayouza barafu hutundika kitambaa chekundu mlangoni. Mlangoni kwa Bi Tatu pametundikwa kitambaa chekundu. Lipi kati ya haya ni lazima liwe kweli?" Jibu A, Bi Tatu anauza barafu. Jibu B, Bi Tatu hauzi barafu. Jibu C, Bi Tatu ana friji. Jibu D, Bi Tatu hana friji.

Mnaona wenyewe. Kitambaa kile chaweza kuwa kanga ya Bi Tatu inakauka. Hakuna hata moja lililo lazima. Lakini maprofesa wa chuo, watu waliovaa majoho kwa ajili ya kufikiri, walikuwa wameandika kwenye majibu yao kwamba jibu ni A. Walikuwa wametumbukia wenyewe kwenye shimo walilokuwa wakiwachimbia watoto wa watu kila mwaka.

Msellem aliliona kosa mara moja. Akatabasamu. Akatia alama kwenye A.

Hidaya aliliona kosa mara moja. Akainua mkono, na kabla hajaruhusiwa akasema, "Mama msimamizi, swali la mwisho ni bovu!" Ukumbi mzima ukageuka. Msimamizi akamnyang'anya karatasi, akamshika bega, akamtoa nje.

Na Mwatumu? Mwatumu hakuona kosa lolote. Mtaani kwao kila penye kitambaa chekundu pana barafu. Alikuwa akitumwa huko tangu utotoni. Ncha ya kalamu yake ilikuwa imeshagusa A pale aliposikia sauti ya Hidaya. Bovu? Akarudi kusoma, polepole, mpaka kwenye pindo. Akaona. Akainua kalamu, akaandika chini ya swali: "Katika haya hakuna lililo lazima." Asitie alama popote.

Matokeo yakatoka. Kelele za Hidaya zilikuwa zimefika nje ya ukuta, watu wakaanza kuuliza, na chuo kikatoa tangazo: swali la mwisho halina kosa hata kidogo, ila limefutwa kwa sababu za kiutawala. Lilipofutwa, na karatasi ya Hidaya ikasahihishwa kama nyingine, Msellem, Hidaya na Mwatumu wakalingana alama, na hakuna aliyewapita. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja. Nyingine zilijaa kabla mtihani haujatungwa. Zilijaaje, mimi sijui, wala si mtu wa kuuliza maswali.

Mkuu wa chuo akawaita wote watatu ukumbini, mbele ya maprofesa na kiti kimoja kitupu. "Nyinyi ni watu wa hoja," akasema. "Kila mmoja atuambie kwa nini kiti ni chake."

Msellem akasimama, akasema, "Mheshimiwa Mkuu, kiti ni changu. Hawa wawili niliwafundisha mimi kuutambua ule mtego. Bila mimi Hidaya angepigia kelele nini? Nami ukumbini nilifanya kazi ya wakili: nikatazama nani anaamua, nikajua anataka kusikia nini, nikampa. Maelekezo yalisema chagua jibu moja. Nilichagua."

"Ulijua ni uongo ukautia alama!" Hidaya akadakia.

"Nawe ulijua kweli ukatolewa nje. Ungekuwa na mteja mle ndani, dada yangu, angebaki na nani?"

Hidaya akasimama, akasema, "Mheshimiwa Mkuu, kiti ni changu. Lile swali liliwaonea watu wote waliokuwemo ukumbini, na aliyesema ni mmoja. Nisingesema, lisingefutwa. Lisingefutwa, Msellem angepata alama yake ya uongo na sisi tusingeitwa hapa. Hata huku kulingana kwetu nimekuleta mimi."

"Umevunja kanuni ya kunyamaza," akasema Msellem. "Mtu wa sheria anayeanza kwa kuvunja kanuni!"

Ikabaki zamu ya Mwatumu. Karatasi yake ilionyesha jibu safi kuliko yote, na hakuna aliyejua kalamu yake ilianzia wapi. Angeweza kunyamaza. Akikosa kiti jina lake lingefutwa jioni ile, akili yake yote ilikuwa inamwambia anyamaze. Mwatumu akasema kweli, jambo ambalo halikuwemo kwenye mtihani.

"Mheshimiwa Mkuu, mimi kalamu yangu ilikuwa juu ya A. Nilikuwa nakosea. Niliposikia Hidaya amesema swali ni bovu, nilirudi kusoma. Hakusema bovu wapi, wala hakusema jibu ni lipi. Ubovu nimeutafuta mwenyewe. Hakimu aliyesikiliza kesi yangu hakurudi kusoma hata mara moja. Angerudi, leo nisingekuwa hapa. Kiti ninakitaka kwa sababu mimi nikiambiwa nimekosea, narudi."

"Kusikia jibu ukumbini ni kuibia," akasema Msellem.

Hidaya yeye hakumtazama. "Na ulipokwisha kuuona huo ubovu, shoga," akasema taratibu, "mbona ulibaki umekaa? Mimi natolewa kwa kushikwa bega, wewe unaandika."

Mwatumu aliona aibu, na aibu ile ilimkaa usoni kila mtu akaiona.

Mkuu wa chuo akawatazama maprofesa. Maprofesa wakatazama majoho yao. Wakanong'onezana, wakafungua vitabu, wakavifunga. Hao ndio waliokuwa wakipima uwezo wa watu wengine wa kuamua. Mwishowe mmoja akapendekeza chai, na pendekezo hilo likapita bila kupingwa. Wale watatu wakaachwa wamesimama ukumbini, na katikati yao kiti kimoja kitupu.

Chai ile bado inanywewa, kwa hiyo kazi ni yenu nyinyi mnaonisikiliza. Yupo aliyewafundisha wenzake kweli, kisha akaikana ili afaulu. Yupo aliyeisema kweli kwa ajili ya wote, akashindwa kumaliza kazi aliyoijia. Yupo aliyekosea, akasikia, akarudi kusoma, akaipata kweli, akaikalia kimya mwenzake anatolewa. Siku kesi ikiwa ni yako, na wewe ndiye unayesubiri kuitwa, je, ungependa kwenye kile kiti umkute nani?