Shangazi wa Bi Harusi

Mwinuka, mwenye mgahawa pale Makambako, alimlipa mpishi wake Sikudhani chini ya kima cha sheria. Mama huyo alipolalamika, akajibiwa, "Mshahara wa sheria ni wa wafanyakazi. Wewe hapa ni dada yangu."

"Haya, kaka," alisema Sikudhani.

Siku wakwe walipoleta mahari ya binti wa Mwinuka, Sikudhani aliingia kajitanda kanga mpya, akaketi mkekani mbele yao. "Shangazi mtu nimefika. Nataka ng'ombe wangu na blanketi langu."

Mwinuka akaruka. "Shangazi gani? Huyu ni mfanyakazi wangu!"

Sikudhani akamgeukia mjomba wa bwana harusi, afisa kazi wa wilaya. "Umemsikia, mheshimiwa?"

"Nimemsikia," alisema mjomba, akiweka kikombe chini. "Kwani, mkwe, unamlipa kiasi gani?"