Kwa Nini Kakakuona Hukunja Kucha Kifuani

Nyinyi mnaomcheka kakakuona kwa mwendo wake wa kukunja kucha kifuani, kama mkwe anayeingia kwa wakweze, hamjui yaliyompata. Zamani hakuwa hivyo. Alitembea kwa miguu minne, kucha zikigonga mawe, na akifika kwenye kichuguu alikivamia bila hodi. Kujikunja alikuwa hajui kabisa.

Siku moja mama Kakakuona alikuwa amezamisha kichwa kichuguuni akila mchwa, mwanawe kapanda mkiani, chui akawarukia. Kabla mama hajawaza lolote, mgongo wake ulijikunja wenyewe, ukamfunika yeye na mtoto, magamba nje. Chui alitafuna magamba mpaka fizi zikamuuma, akaenda zake.

Kakakuona akamshukuru Mungu. Lakini kesho yake, alipotia ukucha tu kwenye kichuguu, mgongo ukajikunja tena, na chui hayupo. Kesho kutwa vilevile. Akaanza kusema atachimba jua likipoa. Jua likapoa, akasema heri angoje mvua ilainishe udongo. Nguchiro, jirani mwenye mdomo, hakumwacha. "Shoga, ngoja ngoja huumiza matumbo," alimwambia, na tumbo lililoumia lilikuwa la mtoto. Mtoto alikonda mpaka akaacha kulia, na hilo ndilo lililomtisha mama kuliko kilio. Akajiita mvivu, akajitukana, akauchapa mgongo wake kwa mkia. Mgongo ukazidi kukaza.

Mwisho akamwendea Bibi Muhanga, mchimbaji mkongwe.

"Bibi, mwanangu atakufa, nami uvivu umeniingia."

"Si uvivu, mjukuu wangu," Muhanga akasema. "Mgongo wako uliokoa roho mbili, sasa unadhani kila kichuguu kina chui. Ukiukemea, ndipo unapozidi kuamini kwamba chui karudi. Nenda nao polepole, uone wenyewe kwamba hayupo."

Kakakuona akampandisha mtoto mkiani. Akasimama kwa miguu ya nyuma na kukunja kucha kifuani, asije akaushtua mgongo kwa kishindo. Alipofika kwenye kichuguu akasema taratibu, "Ahsante, ulitulinda. Leo nakwaruza tu." Akakwaruza kidogo, akatulia, akasikiliza. Mgongo ulitetemeka, lakini haukujikunja. Akakwaruza tena. Jua lilipopanda, mchwa walikuwa wakimwagika, na mtoto akala mpaka akasinzia. Mama alilia kwa furaha, wala hakuona haya.

Na tangu siku hiyo kakakuona hutembea kwa miguu miwili, kucha kifuani, na hukwaruza kwanza ndipo achimbe. Kujikunja hakukuacha, maana chui wangalipo. Nasi kwetu, mtu akishindwa kuanza kazi yake, hatumwiti mvivu. Tunamsogezea kigoda, tunamuuliza, "Chui wako alikurukia wapi?"