Hodi ya Kiboko Bwawani

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa nani?

Pakawa mwenye maji na mwenye kiu.

Na sheria akawa nayo nani?

Hiyo ndiyo tuliyoijia.

Basi kaeni vizuri, na anayetafuna mahindi ameze kwanza, maana ngano hii ina maneno ya baraza, na maneno ya baraza hayataki kelele za meno.

Hapo kale palikuwa na bwawa mpakani. Upande huu Nchi ya Miamba, upande ule Nchi ya Mbuga, bwawa katikati, na ndani ya bwawa Kiboko. Ukimuuliza maji ni ya nani, atasema yangu. Ukimuuliza tope, langu. Ukimuuliza kivuli chako mwenyewe kilichoangukia majini, atasema kikishaingia humu ni changu. Ndivyo alivyokuwa, mroho hata wa vivuli.

Kila aliyetaka kunywa ilibidi asimame ukingoni apige hodi, na awe amebeba majani mabichi. Mwenye majani aliambiwa karibu. Asiye na majani alionyeshwa meno, na wengi hawakusubiri kuyaona yote. Sasa mwaka ule jua likawaka mpaka majani ya miambani yakaisha. Kina mama wa kule wakawa wanakwenda na kiu na kurudi na kiu, watoto wananyonya hewa.

Kiboko naye alikuwa na shida yake. Kulinda kunachosha, jamani. Akisinzia kidogo anasikia chubwi, mtu kaiba maji. Anaamka, anakimbiza, tibwi tibwi tibwi. Anarudi, anasinzia, chubwi. Macho yakamwiva. Ndipo aliposikia kwamba duniani kuna kitu kinaitwa sheria ya mataifa, na kwamba mali ikishalindwa na sheria hiyo, mwenyewe hulala usingizi wa pono. Akaitaka. Baraza la nchi mbili lilikuwa linakaribia, naye alitaka litamke kwamba bwawa ni la Kiboko, hodi na majani ni sheria, na mjadala umefungwa. Ila baraza, aliambiwa, halipokei maneno matupu. Linataka utafiti.

Mtafiti wa nchi zile alikuwa mmoja tu, Pimbi wa miambani, kiumbe asiyefika goti la mbuzi, hana mkia, ana maswali. Kazi yake kushinda juu ya jiwe akitazama wenzake wanavyofanya na kuwauliza kwa nini. Akaitwa, akaja, puku puku puku, akakaa mbali kidogo na meno.

Pimbi akauliza kama kuna mkataba, yaani kama nchi mbili ziliwahi kukaa zikakubaliana lolote juu ya maji yale. Kiboko akasema hakuna. Pimbi akasema basi watatafuta desturi, kwa sababu pasipo na mkataba, desturi nayo ni sheria. Kiboko akafurahi, akasema desturi ipo tele, kila siku wanapiga hodi.

"Huo ni mguu mmoja, mzee wangu," akasema Pimbi. "Desturi ina miguu miwili. Mguu wa kwanza ni yale wanayoyatenda. Mguu wa pili ni kwa nini wanayatenda. Wanapiga hodi kwa kuamini kwamba ndiyo sheria, au kwa kuyaogopa meno yako?"

Kiboko akafikiri. Akafikiri tena. Akauliza kuna tofauti gani.

Pimbi akamweleza taratibu kwamba kama ni meno, hiyo si sheria, hiyo ni hofu, na hofu haipelekwi barazani. Ili kujua, lazima meno yaondolewe, ionekane kama hodi itabaki. Kiboko akafumba mdomo haraka. Pimbi akasema la, hakuna kung'oa. Meno yaondoke pamoja na mdomo, na mdomo uondoke pamoja na mwenyewe. Kiboko akajifiche nyuma ya kilima, asionekane wala asisikike. Wakija wakalipigia hodi bwawa tupu, basi, ni sheria. Ila utafiti ukishaanza asiingie majini, maana ushahidi utachafuka.

Kiboko akajiona mjanja. Aliwaza kwamba huyu mdogo hajui, watu hawa hodi imewakaa ulimini kuliko majina ya watoto wao. Akatoka majini, bwaa, akaenda kujilaza nyuma ya kilima, chini ya kichaka cha miiba kisichofunika hata sikio.

Jua likampata. Ngozi ikaanza kukauka, kwaru. Akasikia vishindo vya punda milia, akatega sikio. Chubwi. Akamwita Pimbi, akamuuliza wamepiga hodi? Pimbi akasema punda milia walisita kidogo kabla ya kunywa, na kusita huko bado kunafasiriwa.

Ngozi ikalia kwaru, kwaru. Akasikia vishindo vya ngiri. Chubwi, chubwi. Akauliza wamepiga hodi? Pimbi akasema mmoja alipiga, lakini alikuwa ameelekea kwenye tope, haijulikani alikuwa anambishia nani.

Ngozi ikalia kwaru, kwaru, kwaru. Akasikia nyani. Chubwi, chubwi, chubwi. Akauliza wamepiga hodi? Pimbi akasema nyani wamesema mengi mno, shida ni kuchagua. Halafu kuna Chura, anasema kwaa tangu asubuhi, na wapo wanaoona kwaa ni kukubali, wapo wanaoona kwaa ni kupinga. Ushahidi haujatosha. Asubiri.

Kiboko akashika kichwa. Jana alijua maji ni yake. Alijua kabisa. Sasa kila akiuliza swali moja anapewa mawili, na hodi yake mwenyewe imegeuka kitu chenye miguu, kinachosita, kinachofasiriwa. Akaanza kuogopa. Alihisi bwawa linamtoka, na hakuona mkono unaolichukua ili aukamate.

Mwisho akashindwa, akainuka, akaenda ukingoni. Lo! Miamba na Mbuga wote wamo majini. Watoto wamezama mpaka shingoni. Mama Ngiri, mkubwa wa ngiri wote, amelala kwenye tope, pale pale anapolala Kiboko. Na majani hakuna, hata unyasi mmoja. Kiboko akafungua mdomo angurume.

"Ukinguruma, mzee wangu," akasema Pimbi kutoka juu ya jiwe, "umethibitisha kwamba ilikuwa hofu tangu mwanzo."

Kiboko akafumba mdomo.

"Lakini ukinyamaza, watasema umeridhia. Kimya nacho ni ushahidi."

Kiboko akaufungua. Akaufumba. Akaufungua nusu, akauacha hapo hapo, na inzi akaingia. Kwa sauti ndogo akauliza basi afanye nini, maana anaungua.

Pimbi akasema hawezi kumshauri mtu katikati ya utafiti. Anachojua yeye ni kwamba bwawa hili lina sheria kwa anayetaka maji, na aliyeitunga ni Kiboko mwenyewe. Kama anaiamini, si aifuate?

Msicheke. Nanyi mngekaukiwa ngozi namna ile mngeona ni maneno ya busara. Kiboko aliwaza kwamba sheria ni yake, kwa hiyo akiifuata atakuwa ameitetea. Akasimama ukingoni, akainamisha kichwa.

"Hodi," akasema.

Bwawa likanyamaza. Hata Chura akanyamaza.

"Hodi."

Kimya. Na hodi ni tatu, mnajua wenyewe. Ya tatu isipojibiwa unarudi ulikotoka, na Kiboko alikotoka ni kule juani.

"Hodi, jamani."

Mama Ngiri akawatazama wenzake. Angeweza kukaa kimya, na hakuna ambaye angemlaumu, kwa mara zote alizosimama pale na watoto nyuma yake akarudishwa mkavu. Akashusha pumzi.

"Karibu," akasema, na bwawa zima likaitikia karibu, watoto wakiwapita wakubwa kwa sauti.

Kiboko akaingia, bwaa, na maji yakamfunika mgongo. Hapo Pimbi akatangaza kwamba utafiti umekwisha na baraza likae sasa hivi, kwa kuwa nchi zote mbili zipo majini. Akasoma matokeo kutoka kichwani. Mguu wa kwanza upo, Kiboko amepiga hodi na wote wamesikia. Mguu wa pili upo, hakuna aliyemlazimisha, maana pale hapakuwa na meno ya kutisha ila yake mwenyewe. Kwa hiyo desturi imekamilika, na anayeiamini kwa dhati ni Kiboko.

"Na mwenye nyumba hapigi hodi kwake," akamalizia Mama Ngiri.

Baraza likapitisha kwamba bwawa ni la wote, anayekuja apige hodi, na majani yake ale mwenyewe.

Kiboko alisikia kila neno, asielewe ni neno lipi lililomnyang'anya bwawa. Akarudi nyuma kimawazo, mkataba, miguu, kusita, kwaa, na kila kimoja kilikuwa sawa kikiwa peke yake. Alitaka kukasirika. Lakini kulikuwa na jambo jingine lililomtatiza zaidi. Siku zote yeye ndiye aliyewaambia wengine karibu, tena kwa malipo. Hakuna aliyewahi kumkaribisha yeye mahali popote. Leo kakaribishwa na bwawa zima, hana jani hata moja, na moyoni anasikia raha. Akamfuata Pimbi, akamuuliza kama mtu aliyenyang'anywa hujisikia hivi.

Pimbi alikuwa anakunywa. Alikunywa mpaka akatosheka, akafuta mdomo, akasema hilo ni swali zuri sana, ila linahitaji utafiti mwingine.

Kiboko akazamisha kichwa, blubu blubu blubu, akakaa huko chini na raha yake asiyoielewa.

Ngano yangu imekunywa, imeshiba, imejilaza. Anayeitaka aichukue, anayeikataa aiache ukingoni. Na funzo lake lishikeni sana: mtafiti hana upande wowote. Mwaminini, hasa akiwa na kiu.