Punda Aliyeanguliwa kwenye Yai

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni vizuri, na nyie wakubwa msijifanye mmeleta watoto tu. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na chuo. Mkuu wa chuo, Mzee Kobe, akatangaza shindano la insha. Mada: "Nilivyojifunza uaminifu." Mshindi atalala na kula chuoni bure mwaka mzima.

Nungunungu akasikia, moyo du, du, du. Kwao mihogo ilikuwa imekauka. Asiposhinda, arudi shimoni. Akachomoa mwiba wake mwenyewe, akaandika. Kwaru, kwaru, kwaru. Akaandika siku alipokula muhogo wa dada yake akamsingizia panya.

Punda akamcheka. "We dada, unajichosha. Mimi nimeshaandikiwa."

"Na nani?"

"Kasuku. Karanga kumi, insha moja."

Na si Punda peke yake, jamani. Fisi alipeleka karanga. Swala alipeleka karanga. Msiseme mmesikia kwangu.

Siku ya zawadi ikafika, wazazi wakaja. Mzee Kobe akasoma insha ya Fisi: "Siku nilipoanguliwa kwenye yai, mama aliniambia, mwanangu, usiibe." Akakuna kichwa. Akasoma ya Swala: yai. Ya Punda: yai. Ya Nungunungu: hakuna yai.

Kobe akachanganyikiwa. Yeye mwenyewe katoka kwenye yai, angejuaje?

"Nungunungu, binti yangu, wenzako wote wana yai. Wewe unaficha nini?"

Nungunungu naye akachanganyikiwa, machozi yakamlenga. "Mzee, mimi yai silikumbuki. Nakumbuka muhogo tu."

"Basi zawadi ni ya Punda. Yai lake lina mwandiko safi."

Huko nyuma Mama Punda akasimama. "Yai lipi?"

"Mama, kaa chini," Punda akanong'ona.

"Sikai. Nimekubeba tumboni mwaka mzima, miguu imevimba ndi, leo niambiwe nilitaga?"

Fisi akatazama kwato za jirani. Juu ya paa Kasuku akasema, "Lakini mimi nilianguliwa kweli," akaruka puru, na karanga zake.

Mzee Kobe akafikiri, akafikiri, mpaka ikamwingia. "Nungunungu," akasema, "lete mkeka wako bwenini."

Basi watoto, ukiandika uaminifu, andika wako, hata kama una muhogo wa wizi ndani yake. Na nyie wakubwa mnaoandikiwa, angalau msome.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyebaki na yai, akamwulize mamake.