Mleta Bomba Si Mleta Mvua

Mleta bomba si mleta mvua. Neno hilo mlilisikia jana mkutanoni, yule tajiri aliyetujengea mnara wa simu alipotaka kutuchagulia diwani. Mkaona alivyokaa chini, mkacheka, na tangu jana mnaulizana limetoka wapi. Halikutoka mbali. Lilizaliwa hapa hapa Mvaeni, katika milima yetu ya Upare, na aliyelitamka mara ya kwanza alikuwa mkulima wa tangawizi. Wekeni majembe chini, mle makande kabla hayajapoa, nami niwaeleze.

Mkulima huyo aliitwa Namkunda. Shamba lake lilikuwa mwisho kabisa wa mteremko, mahali ambapo maji hufika yakiwa yameshapita kwa kila mtu. Anayelima huko huijua thamani ya zamu. Mtu wa juu akijisahau kuziba mfereji wake, wa chini huambulia unyevu na harufu.

Ndiva hii mnayoiona mbele yenu, bwawa hili la mawe na udongo, wazee waliijenga ili maji ya chemchemi yajikusanye usiku, yagawiwe mashambani asubuhi. Na kila mwaka, kama leo, kulikuwa na msaragambo: kijiji kizima kinaingia humo ndani kuzoa tope. Mwaka wa uchaguzi ukifika, siku hiyo hiyo ya msaragambo ndipo alipochaguliwa mlinzi wa ndiva. Mlinzi ndiye aliyepanga zamu, na bila idhini yake hakuna tone lililoruhusiwa kutolewa nje ya kijiji.

Kumchagua kulikuwa hivi. Kila aliyefanya kazi topeni aliokota humo jiwe moja, akapita nyuma ya kitenge kilichotandazwa, akalitia katika kapu la amtakaye. Hakuna aliyemwona. Mawe yakishahesabiwa, yote yalijengewa ukutani, ya aliyeshinda na ya aliyeshindwa. Kwa hiyo mnapoutazama ukuta ule, mnatazama kura za babu na bibi zenu. Asiyekanyaga tope hakuwa na jiwe, hata awe mfumwa, mtawala wetu wa zamani. Mfumwa naye alikunja nguo, akaingia.

Basi akaja Elineema. Alikuwa mwana wa hapa, mtoto wa Mama Nakijwa, aliyekwenda mjini akatajirika kwa kutengeneza programu za simu. Alirudi na magari, mafundi na mabomba. Akalaza bomba kutoka ndiva hadi kila shamba, na kwenye kila shamba akafunga koki inayojifungua kwa amri ya simu. Programu yenyewe aliiita Mkondo. Zamu yako ikifika, simu inalia, koki inafunguka, maji yanatiririka nawe umekaa jikoni unamenya viazi.

Msidhani watu walikuwa wajinga kufurahi. Namkunda mwenyewe alifurahi kuliko wote. Miaka mingi alikuwa amedamka gizani kufuata mfereji, akizibua majani kwa mikono, na mara nyingi akakuta maji yameibwa njiani. Mwaka wa kwanza wa bomba, tangawizi yake ilinenepa hadi akawagawia majirani mbegu.

Kosa letu lilikuwa moja, na ni kosa ambalo watu wa kijiji kingine wasingelijua hata kuwa ni kosa. Siku ya msaragambo Elineema alisimama ukingoni na viatu vyake vyeupe. Mzee Sekiete, mlinzi wa ndiva wa wakati ule, akasema, "Mwacheni mwanetu. Yeye ameshafanya yake." Hakuna mtu aliyewahi kusamehewa tope tangu ndiva ijengwe. Tulimsamehe kwa shukrani, na shukrani isiyo na mpaka ni mlango usio na komeo.

Polepole Mkondo ukawa kila kitu. Bei ya tangawizi tuliisoma humo. Habari za misiba humo. Matangazo ya mikutano, ugomvi wa mipaka, salamu za sikukuu, yote humo. Ubao wa matangazo pale ofisi ya kijiji ukaota kutu.

Mzee Sekiete alipochoka akataka kupumzika, Elineema akatuletea mtu wake. Aliitwa Togolani, kijana mwenye adabu, aliyekuwa wakala wake wa Mkondo. Haukupita muda ikajulikana kwa nini. Chini barabarani Elineema alikuwa amenunua kiwanja cha kujenga kiwanda cha maji ya chupa, na maji ya kujaza chupa hizo yangetoka kwenye chemchemi yetu. Alichokosa ni idhini ya mlinzi wa ndiva tu.

Namkunda akajitokeza kugombea. Hakuwa na maneno mengi. Aliandika katika Mkondo kwamba yeye anataka chemchemi ibaki ya mashamba, na kwamba kama kiwanda kitajengwa, kijiji kizima kikae kwanza kijadili. Basi. Tangazo lake lilisomwa na watu wachache, kisha likazama kama kokoto. Picha ya Togolani ndiyo iliyokuwa juu kila ulipofungua simu, ukiamka, ukila, ukilala.

Siku moja Namkunda akiwa mashineni anasubiri kusagiwa, aliwasikia wanaume wawili wakizungumza nyuma ya magunia.

"Namkunda anagombea nini?" aliuliza mmoja.

"Anagombea? Mimi sijaona kitu. Kama angekuwa anagombea si ingeandikwa?"

"Shemeji, wewe siku hizi hata mkeo akikuita mezani unangoja simu ilie."

Wakacheka. Namkunda naye nusura acheke. Alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwao, mzima, ana sauti, na kwao hakuwepo.

Wiki iliyofuata koki yake haikufunguka. Akampigia Togolani, naye akamjibu kwa upole, "Ni hitilafu ya mtambo, dada. Mafundi wanaishughulikia." Zamu nyingine ikaja, hitilafu ile ile. Kwa jirani yake wa kushoto maji yalitoka, na kwa wa kulia yakatoka. Mvua za vuli nazo zilikuwa zimechelewa. Majani ya tangawizi yakaanza kugeuka manjano kuanzia nchani. Kila jioni Namkunda alichota ndoo kisimani akanyunyizia mistari michache, akijua kwamba anachagua ipi iishi na ipi ife. Mume wake akamwambia, "Jiondoe tu, mama. Koki itapona siku hiyo hiyo." Namkunda alijua ni kweli, na ukweli huo ndio uliomkasirisha.

Siku ya msaragambo ikafika. Kwa ukame ule maji yalikuwa yamebaki katikati ya ndiva tu, na pande zote ni tope jeusi. Watu wamekusanyika na majembe, makapu mawili yameshawekwa, kitenge kinatandazwa, Elineema akashuka garini akaomba kusema.

"Ndugu zangu," alisema, "mambo ya mawe tuyaache. Mwaka huu mtapiga kura kwa Mkondo. Hata ndugu zetu walioko mjini watapiga. Hata mgonjwa aliye kitandani."

Watu wakanong'ona. Halikuwa wazo baya, na wengi walilipenda. Mzee mmoja akasema, "Mimi mke wangu akilala anakoroma. Atapiga kura ya nani akikoroma?" Vicheko vikazagaa, na Elineema mwenyewe akacheka.

Namkunda akatoka mbele, jembe begani.

"Kaka Eli, mgonjwa tutampelekea kapu mpaka kitandani. Hilo ni letu kulipanga. Mimi nina swali. Jiwe nikilitia nyuma ya kitenge, nani anajua nimelitia wapi?"

"Hakuna."

"Na nikiligusa jina kwenye simu yangu, katika mtambo wako, nani anajua?"

Elineema akajibu, "Mtambo una siri zake, dada. Niaminini."

"Mtambo huo huo ulioiona koki yangu peke yake katika kijiji kizima ukaipa hitilafu?"

Walio jirani na shamba lake wakainamisha vichwa, maana waliyaona majani yale ya manjano wakapita kama hawakuona.

Elineema akabadilika sauti. Hakupiga kelele. Alizungumza kama mtu aliyeumizwa kweli, na nadhani aliumia. "Nilipokuja hapa mlikuwa mnapigana majembe kwa ajili ya mfereji. Nani amelala njaa kwa sababu yangu? Nani nimemdai senti? Maji mnayoyanywa yanapita katika bomba langu. Habari mnazosoma zinapita katika mtambo wangu. Nisingekuja, mngekuwa mnalamba vumbi. Halafu nikisema neno moja tu, kwamba fulani anafaa kuwaongoza, naonekana mchawi?"

"Kusema neno moja si kosa, kaka," Namkunda akajibu. "Umelisema lako moja, kisha ukayafunika ya wengine wote. Umeleta bomba, tumekushukuru mpaka tukakusamehe tope. Lakini chemchemi uliikuta. Ndiva uliikuta. Na mvua tunayoingoja hapa sote, wewe na viatu vyako, haiko katika simu yako. Mleta bomba si mleta mvua."

Neno lilipotoka, hata yeye alihisi limemzidi kimo. Mtu nyuma akalirudia taratibu, kama anayeonja chumvi. Mwingine akalirudia.

Hapo ndipo Elineema alipokosea. Angeondoka tu, huenda wengi wangemfuata. Badala yake akatoa simu mfukoni, akaiinua wote waione. "Sawa," akasema. "Tuone basi nani ana maji." Akagusa mara moja.

Kutoka mteremko mzima tukasikia koki, zilizoachwa wazi siku hiyo ili ndiva itoe maji, zikijifunga, moja baada ya nyingine, juu mpaka chini, kama mbwa wanaofunga midomo. Mabomba yakanyamaza. Kwa Mama huyu kunyamaza, kwa Mzee yule kunyamaza, hata kwa wale waliokuwa wamemchangia Togolani kuku wa sherehe ya ushindi. Ndipo kila mtu alipoelewa kwamba hitilafu ya Namkunda ilikuwa imekaa mlangoni kwake pia siku zote, ikingoja tu akohoe vibaya.

Mzee Sekiete ndiye aliyeanza kusogea. Akavua makubadhi, akaingia topeni hadi magotini, akaenda moja kwa moja kwenye kinywa cha ndiva, lile tundu la zamani lililozibwa kwa udongo tangu bomba lije. Akaanza kuchimba kwa mikono. Namkunda akamfuata na jembe. Kisha watu wakaingia kama siafu. Wengine walishuka mteremko kusafisha mfereji wa kale, wakang'oa magugu, wakatoa mawe yaliyoporomoka, na njia ya maji ikaonekana tena pale pale ilipokuwa, maana ardhi haisahau. Wimbo ukaanza bila mtu kuuagiza:

Jiwe langu si la duka, nimelitoa topeni,
Mwenyewe nimeliweka, hapa kwetu ukutani.

Udongo ulipoachia, maji yakatoka. Hayakuwa mengi. Yalikuwa ya rangi ya chai, yamebeba majani na vyura, yakashuka mferejini yakisitasita kama mzee anayekumbuka njia. Lakini yalishuka kwa sababu ya mikono yetu, na nawaambieni, hakuna bomba lililowahi kutupa furaha ile. Kina mama walikuwa wametapakaa tope hadi kwenye kope, na walisimama wima kama maharusi.

Togolani alikuwa bado ukingoni. Akamtazama Elineema, akaitazama ndiva, kisha akakunja suruali akaingia. Hakuna aliyemzomea. Alikuwa mgombea, na tope lilikuwa lake pia.

Namkunda akamgeukia Elineema. "Na wewe karibu, kaka. Vua viatu. Jiwe lako lipo, moja, kama langu."

Elineema hakuvua. Akabaki amesimama na simu mkononi, akitazama watu wakiokota mawe yao na kupita nyuma ya kitenge mmoja mmoja. Akamwona mama yake mzazi, Mama Nakijwa, akitoka topeni na jiwe lake, kanga imemshika mwilini, akapita nyuma ya kitenge taratibu, akatoka mikono mitupu.

Mawe yakahesabiwa mbele ya wote. Namkunda akashinda, naye Togolani akampa mkono. Jioni ile mawe ya makapu yote mawili yalichanganywa yakajengewa ukutani, na Namkunda, mlinzi mpya, alipaka udongo juu ya yote, hata yaliyomkataa, kwa uangalifu ule ule. Kiwanda hakikujengwa. Mabomba hatukuyang'oa, kwa sababu bomba halina kosa. Tulibadilisha koki tu, tukaweka za kufunguliwa kwa mkono. Tangawizi ya Namkunda ilikufa nusu, na hakumlilia mtu.

Lakini nataka mjue jambo la mwisho lililotokea ukingoni, watu walipokuwa wakinawa. Elineema alimsogelea mama yake. Mwana huyu ndiye aliyeweza kujua ni nani kijijini amefungua simu yake, saa ngapi, amesoma nini na amempigia nani. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, jiwe lako umelitia wapi?"

Mama Nakijwa akamfuta vumbi begani kwa mkono wenye tope.

"Ukutani, baba," akasema, akaenda zake.

Basi jana yule mgeni alipotuhesabia nguzo za mnara wake, na mkasikia mtu akimjibu kwa maneno matano, sasa mnajua yamelipiwa na nani. Mleta bomba si mleta mvua.