Mikono ya Lushinge

Mtu mmoja alikuwa na chatu watatu na binti mmoja. Mtu huyo jina lake Lushinge. Kazi ya familia ilikuwa kuonyesha nyoka minadani: mkewe alipiga ngoma, yeye alicheza na chatu, na binti yao Milembe alipuliza makaa kwenye chungu.

Makaa ndiyo yaliyokuwa siri yao. Chatu hataki mkono wa baridi. Ukimgusa nao hujikunja na kurudi kapuni. Basi kabla ya kila onyesho Lushinge alipasha viganja vyake moto, kisha akamshika chatu, naye chatu akampanda taratibu na kumzunguka mabegani. Watu walishangilia wakisema, nyoka yule anampenda. Ukiona vyaelea, ndugu zangu, vimeundwa.

Milembe alijua vilivyoundwa. Alipuliza makaa yale tangu ana miaka sita, moshi ukimtoa machozi, na alitamani jambo moja tu: viganja vile vikishapata moto, vimshike yeye mashavu kwanza. Siku moja alithubutu kusema. Baba yake akamjibu kwamba angoje kidogo, watu wanasubiri. Onyesho lilipokwisha mikono ilikuwa imepoa na mwenyewe amechoka. Binti akangoja hivyo mpaka akaolewa, akaenda mbali.

Hapo ndipo Lushinge alipoanza kumkumbuka. Mkewe alikuwa amekwisha kufa, na makaa aliyapuliza mwenyewe, vibaya. Kila mnada aliangaza macho juu ya vichwa vya watu akimtafuta mwanawe. Alimtamani mpaka akakosa hamu ya kula.

Asubuhi moja ya baridi chatu alikataa kabisa kutoka kapuni. Watu wakaanza kuzomea. Ndipo mwanamke mwenye mtoto mgongoni akapenya katikati yao, akapiga magoti penye chungu, akapuliza. Alikuwa Milembe. Lushinge alilia mbele ya watu wote, wala hakuona haya. Akanyoosha mikono juu ya makaa hadi ikapata moto sawasawa. Milembe akamfungua mtoto mgongoni, akamsogeza kwake.

"Baba, mpakate mjukuu wako kwanza."

Lushinge akamtazama mtoto. Akawatazama watu.

"Ngoja kidogo, mwanangu. Watu wanasubiri."

Siku ile chatu alipanda vizuri kuliko siku zote, na watu wakashangilia mpaka wakapaliwa. Lushinge aliporudi penye chungu alikuta makaa yanawaka, na alama za magoti mawili kwenye vumbi; Milembe na mtoto hawakuwapo. Safari hii alirudi mapema, kwa maana onyesho lilikuwa fupi. Alisimama pale amenyoosha mikono, nayo ilikuwa bado ya moto.

Nanyi mnaonisikiliza, yuko nani nyumbani kwenu aliyechoka kungoja?