Jina Ndani ya Ngoma Kubwa

Hapo zamani, ila si zamani sana, maana simu zilikuwepo na ni mtandao tu uliokuwa bado unapanda mlima kwa miguu, palikuwa na mji mdogo upande wa Rungwe, mji wa migomba, chai na ukungu. Na mji huo ulikuwa na bendi. Tarumbeta saba, matoazi jozi moja, na zile nne.

Zile nne ndizo hadithi yenyewe. Ni ngoma nne zilizofungwa kwenye fremu moja ya chuma. Mpigaji anazivaa mabegani, zinakaa mbele ya tumbo lake, naye anatembea huku akizipiga. Ndogo, iliyo kulia, husema ti. Ya pili husema ta. Ya tatu husema ka. Na kubwa, iliyo kushoto kabisa, husema du. Ti, ta, ka, du. Mji mzima ulitembea kwa hiyo du.

Sasa sikilizeni desturi yao. Ngozi ya ngoma kubwa haikubadilishwa mpaka ipasuke yenyewe. Siku ikipasuka, kabla ya kufunga ngozi mpya, jina moja liliandikwa ndani ya mzinga kwa brashi na rangi nyeupe: jina la aliyeifikisha ngoma uwanjani siku hiyo. Jina moja tu. Kisha ngozi inafungwa, na jina linakaa humo gizani likisikiliza du kwa miaka kumi, kumi na tano. Watu wa mji ule walikuwa tayari kuzikwa bila saruji, mradi wawe wameandikwa ndani ya ngoma.

Ikatokea mpigaji wa zile nne akahamia Dodoma kwa mwanawe. Fremu ikatundikwa stoo. Sikukuu ya mavuno ikapita bila du, na watu wakatembea kama kuku walionyeshewa.

Ndipo Ambakisye akasema, "Mwakani nitapiga mimi."

Ambakisye alikuwa na miaka hamsini na miwili, na kitambi cha kuheshimika. Alikuwa amerudi nyumbani baada ya miaka thelathini ya kuzurura. Alikuwa utingo wa lori hadi Lubumbashi, mpishi wa treni, muuza makoti ya mitumba Ndola, na kulikuwa na mwaka mmoja wa Lusaka ambao hata yeye hakuweza kueleza vizuri alikuwa akifanya nini. Alikuwa ameishi miji tisa, na katika miji yote tisa jina lake halikuwahi kuandikwa hata mlangoni. Sasa alilitaka lile jina ndani ya ngoma kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Lakini mtu mwenye kitambi akisema jambo la moyoni, watu hucheka kwanza.

"Utazivaa wapi?" akauliza Mwalimu Mwaisaka, kiongozi wa bendi. "Pale mbele naona pana mpangaji."

"Mpangaji nitamsogeza, Mwalimu."

Akaenda kwa Bibi Subilaga. Bibi huyu alizipiga zile nne kwa miaka ishirini, hadi bega lake la kulia likagoma kubeba chuma. Wiki tatu baada ya kuziweka chini, ngozi ikapasuka mikononi mwa aliyempokea, na jina lililoandikwa likawa la huyo. Miaka ishirini yeye, wiki tatu mwenzake. Tangu siku hiyo hakushika kijiti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuja kula au kujifunza?"

"Kujifunza."

"Afadhali, maana chakula kimekwisha."

Zile nne hazikuruhusiwa kutoka stoo kabla ya mazoezi ya mwisho, basi Bibi akageuza vyombo juu chini akavipanga mstari mmoja uani: kopo la rangi, ndoo ndogo, ndoo kubwa, pipa. Yeye akaketi kigodani upande huu, Ambakisye akasimama upande wa pili, wametazamana, vyombo vikiwa katikati. "Nataka niione mikono yako," akasema. "Mikono ya watu waliotembea sana ina tabia."

Na kila siku wimbo ulikuwa ule ule. "Mkono uende pembeni, kiwiko kifuate, kifundo ndicho kipige. Usipige katikati. Vidole viwili kutoka ukingoni, hapo ndipo sauti inapokaa."

Ambakisye akapiga katikati. "Vidole viwili!" Akapiga ukingo wenyewe, ndoo ikalia kama mbuzi. "Vidole viwili!" Akajifunza kuvusha mkono, wa kulia upite juu ya wa kushoto ukapige chombo cha mbali, akajigonga saa ya mkononi, ikasimama saa nne na robo na haijatembea hadi leo. Usiku alilala vidole vikicheza. Mgahawani alipiga meza mpaka mwenye mgahawa akamhamishia kwenye benchi la nje. Kidogo kidogo mikono ikaanza kusikia. Mwezi wa kwanza ikawa ti, ta. Wa pili, ti, ta, ka. Wa tatu, ti, ta, ka, du, na Bibi Subilaga akafumba macho akatikisa kichwa taratibu, midomo yake ikitoa wimbo ambao uani pale haukusikika kwa miaka kumi na moja.

Mwezi huo huo wa tatu ilinyesha, wakaingia ndani kunywa chai. Ukutani palikuwa na picha ya Bibi enzi zake za bendi, amezivaa zile nne, mabega juu kama askari. Ambakisye akaitazama. Kikombe kikasimama nusu ya safari. Katika picha, ngoma kubwa ilikuwa kushoto kwa mpigaji. Na kule uani, pipa lilikuwa kushoto, ndiyo, lakini kushoto kwa Bibi. Kwake yeye aliyesimama upande wa pili lilikuwa kulia. Miezi mitatu alikuwa amejifunza kila kitu kinyume, na mwalimu wake hakujua.

"Mbona umenyamaza?" Bibi akauliza.

Ambakisye akamtazama. Akaona vijiti juu ya paja lake, alivyovishika hata wakati wa kunywa chai.

"Chai ina moto, Bibi."

Akanyamaza. Moyoni akajipa moyo: mtu aliyetembea na lori kushoto mwa barabara Zambia, akavuka mpaka akaenda kulia mwa barabara Kongo siku ile ile, atashindwa na ndoo nne?

Alishindwa na ndoo nne.

Wiki moja kabla ya sikukuu walizitoa zile nne stoo. Ambakisye akazivaa, kitambi kikazisukuma juu hadi kidevuni, akapiga. Palipotakiwa du ikatoka ti. Palipotakiwa ti ikatoka du. Tarumbeta zikasimama moja baada ya nyingine.

"Ndugu yangu," akasema Mwalimu Mwaisaka, "huo wimbo unaupiga kutoka mwisho?"

Bibi Subilaga akatazama mikono, akatazama ngoma, akaelewa. Akaketi chini palepale kwenye nyasi. "Ni mimi," akasema. "Nimemfundisha kwenye kioo."

Siku tatu Ambakisye alijaribu kuigeuza mikono yake, na siku tatu mikono ikakataa. Siku ya nne akaja Gwamaka, fundi wa kuchomelea, kijana mfupi mwenye miwani nyeusi hata akiwa kanisani. Akaizunguka fremu mara mbili.

"Mnahangaika na mikono ya nini? Mikono haichomelewi. Kinachochomelewa ni chuma."

Akaikata fremu vipande vinne. Ngoma kubwa akaihamishia kulia, ndogo akaipeleka kushoto. Akapinda chuma cha mbele kikafuata kitambi vizuri. "Na huyu mpangaji ana haki zake," akasema. Alfajiri ya siku ya sikukuu alipozima moto, zile nne zilikuwa zimegeuzwa kufuata mtu.

Ambakisye akazivaa, akapiga. Ti, ta, ka, du.

Bendi ikatoka sokoni. Watu walijipanga pande zote mbili za barabara, na du ya kwanza ilipotoka akina mama wakapiga vigelegele, wazee wakanyooka migongo. Ambakisye aliona barabara nzima ikihema kwa mkono wake mwenyewe. Mkono ulienda pembeni, kiwiko kikafuata, kifundo kikapiga.

Halafu ukaja mwinuko wa mashine ya kusaga.

Katikati ya mwinuko chuma kikalia *ta!* na haikuwa ta ya ngoma. Kiungio cha bega la kulia kilikuwa kimeachia. Fremu ikaning'inia upande mmoja, ngoma kubwa inataka kwenda chini, na nyuma yake bendi nzima inakuja. Nyuma yake hasa alikuwa Atupele wa matoazi, mama wa watoto watatu, mchuma chai tangu usichana, mwenye mgongo uliozoea kapu. Atupele hakuuliza. Alitupa matoazi mtaroni yakalia, akakimbia mbele, akageuka, akaikumbatia fremu yote kwa mikono miwili, uso kwa uso na mpigaji.

"Piga, kaka! Nimezishika!"

"Lakini utatembeaje, dada?"

"Kinyumenyume! Wewe piga, na uniambie njia!"

Basi wakapanda. Yeye kinyumenyume na uzito wa karibu debe zima la maharage mikononi, Ambakisye akipiga na kutoa maelekezo kwa pumzi aliyobakiwa nayo.

"Jiwe! Kushoto!"

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Swali hilo ndilo lililonifikisha hapa! Kwako! Kwako!"

Ti, ta, ka, du. Ti, ta, ka, du. Du haikukatika hata moja. Walipoingia uwanjani mji mzima ulikuwa unakimbia pembeni yao, na Bibi Subilaga, aliyewekewa kiti kivulini, alikuwa amesimama. Mwalimu Mwaisaka akainua mkono kwa pigo la mwisho. Na Ambakisye, kwa furaha aliyoisubiri miji tisa, akasahau vidole viwili. Akashusha kijiti katikati kabisa ya ngoma kubwa.

Ngozi ikapasuka.

Kisha sauti ya Bibi kutoka kivulini: "Nilisema vidole viwili!"

Uwanja ukacheka hadi mbwa wakabweka. Lakini Mwalimu Mwaisaka hakucheka sana. Alikwenda kuleta brashi na rangi nyeupe. Akaitoa ngozi iliyopasuka, akageuza mzinga watu waone ndani, na pale, chini ya majina ya zamani, palikuwa na nafasi.

"Jina la aliyeifikisha ngoma uwanjani," akasema. "Nani?"

Ambakisye akafungua mdomo, ila Atupele alimtangulia.

"Mwalimu, mimi sijui kupiga hata meza. Lakini swali lako ni nani aliifikisha. Mimi nimeibeba kwa mikono hii, na njia siioni. Mwenzangu alikuja ananing'inia."

"Na matoazi je?" akauliza mpiga tarumbeta mmoja. "Mwisho wa wimbo ulikosa matoazi."

"Yako mtaroni, kayachukue."

Gwamaka akavua miwani, jambo ambalo halikuwa kawaida. "Bila mimi hizi ngoma zingerudi stoo. Nimesema."

"Na chuma chako kikakatikia njiani!"

"Kilikatika nusu ya njia. Nusu ya kwanza mlitembea na nini?"

Bibi Subilaga akaja polepole, bega lake likimtangulia. "Mimi nilikosea," akasema. "Nilimfundisha kinyume, na kosa langu ndilo lililokata fremu. Lakini ile du mliyoisikia leo, mmeisikia wapi tena? Ilikuwa yangu. Nimeitoa mikononi mwangu nikaiweka mikononi mwake. Miaka ishirini niliifikisha uwanjani kila mwaka, na haikupasuka. Niliitunza mno."

Hapo watu wakaitikia kwa vichwa. Wengi walikuwa na umri wa kukumbuka.

Ikabaki zamu ya Ambakisye. Alikuwa ameiandaa hotuba tangu siku ya kopo la rangi: mtu wa miji tisa, vidole vyenye malengelenge, saa iliyokufa kwa ajili ya bendi. Akamtazama Bibi, na hotuba ikamtoka kichwani.

"Nimepiga mimi," akasema. "Na nalitaka jina hilo, siwezi kudanganya. Lakini kuna jambo. Bibi, nilijua tangu mwezi wa tatu. Niliona picha ukutani. Nilijua tunakwenda kinyume, nikanyamaza."

"Ulinyamaza kwa nini?" akauliza Gwamaka. "Siku mbili sijalala mimi!"

"Alikuwa anaimba," akasema Ambakisye. "Niliogopa nikisema ataviweka vijiti chini."

Bibi Subilaga akamsogelea. "Chai ina moto," akasema. "Mwongo mkubwa wewe." Lakini alikuwa amemshika mkono.

"Waandike wote wanne!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Hii ni ngoma," akajibu Mwalimu Mwaisaka. "Si kadi ya kamati ya harusi. Jina moja."

Ukungu ulianza kushuka, ngozi mpya ilikuwa tayari imelowekwa, na tone la rangi lilikuwa limeanza kuning'inia kwenye ncha ya brashi. Atupele ananyoosha mgongo. Gwamaka anafuta miwani. Bibi Subilaga amesimama na Ambakisye, na Ambakisye, bila kujua, vidole vyake vinapiga juu ya kitambi: ti, ta, ka. Du ameiacha.

Haya, wenzangu mliokaa kimya muda wote huu kama hamhusiki. Mwalimu amechoka, anawapa ninyi brashi. Aliyeitoa du mikononi mwake, aliyezigeuza ngoma zimfuate mtu, aliyezibeba bila kuiona njia, au aliyezipiga na kunyamaza: ndani ya ile ngoma, mngeandika jina la nani?